Neno Ulilomwita Baba Mdogo

Idrisa,

Salamu sikuandikii, maana tumeamkiana asubuhi na usiku tutakula pamoja. Wewe umekwenda kwa kinyozi, baba yako yuko kazini, nami nimefunga mlango wa jikoni nikavuta kiti. Nataka uisome barua hii leo hii hii, kabla hujafunga zipu ya sanduku. Nikikuambia kwa mdomo utanikatiza, nami nitapandisha sauti, halafu mtaa mzima wa Al Mansoura hapa Doha utajua kwamba mtoto wa Mama Idrisa anasafiri kesho na mama yake ameshaanza. Unanijua. Kwenye karatasi angalau siwezi kupiga kelele.

Mambo ya masweta, dawa ya kikohozi na kupiga simu kila Jumapili baba yako ameshayasema mpaka koo limemkauka, mimi siyagusi. Kusali unajua. Kupika wali unajua, ingawa huwa unauunguza. Huko Uingereza kwenye hicho chuo cha hoteli watakufundisha kutandika meza zao na kukunja vitambaa vyao, na utaweza, kwa sababu una mkono mwepesi. Mimi ninalo moja tu, nalo ni la Ijumaa iliyopita. Nimekaa nalo wiki nzima, kwenye basi la shule, jikoni, mpaka kwenye sala, na leo nimeamua silali nalo tena.

Ni lile neno ulilomwita baba mdogo wako Mbaruku.

Usijifanye hukumbuki. Tulikuwa tumewaalika rafiki zako wawili wa shule, Faris na yule Mzungu Daniel, waje kukuaga. Baba yako na mdogo wake walikaa mkekani na sinia lao, na nyinyi vijana nikawapa sahani na vijiko mkakaa pembeni yao. Mimi nilikuwa nimesimama penye pazia la jikoni na jagi la ukwaju mkononi. Baba mdogo akaona Daniel anadonoadonoa. Kwetu Tanga mgeni akidonoa chakula aliyemkaribisha hana raha. Akachambua nyama, akapata kile kipande kinono cha karibu na mfupa, akainuka nusu na kukiweka kwa mkono wake kwenye sahani ya Daniel. Akasema kwa sauti yake ile ya uwanjani, "Kula mwanangu, usione haya, hapa kwenu."

Wewe uliona vidole vyenye mafuta tu. Ukawageukia wenzako, ukacheka, ukawaambia kwa Kiingereza wamsamehe ami yako, ni yokel tu. Faris akacheka mpaka juisi ikampalia. Daniel hakucheka. Daniel aliila ile nyama yote, na akasema ahsante kwa Kiswahili kibovu ulichomfundisha wewe mwenyewe. Sijui kama uliona, kwa sababu ulikuwa unachekea neno lako.

Yokel. Mtu wa shamba asiyejua mji wala meza. Mshamba, basi, lakini la kizamani, ambalo hata Waingereza wenyewe sasa hulitumia kwa mzaha. Jumamosi nilipokuuliza kwa nini ulisema vile, ulinijibu, "Mama, hakuelewa, kwa hiyo hakuumia." Ukarudi kwenye simu yako. Nilinyamaza, na wewe ukadhani nimekubali.

Sasa nikuambie usilolijua. Mlipokuwa mnakula matunda, baba mdogo alikuja jikoni kunawa mikono. Akaniuliza kwa sauti ya chini, na unajua sauti ya chini kwake ni kazi. "Shemeji, yule mtoto kaniita nani? Yokeli ndiyo nini?" Nilikuwa na sahani mkononi. Nikatazama bomba la maji. Nikamwambia, "Maana yake mtu mkarimu. Mtu anayejua kukirimu wageni."

Wallahi sijui lilitoka wapi. Nilitaka tu asiumie, na nilitaka wageni waondoke salama. Akatabasamu, akajifuta mikono kwenye kanga yangu iliyokuwa imening'inia, akasema, "Kumbe." Halafu akalirudia mwenyewe taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Akarudi sebuleni amefurahi, na ndiyo sababu ulimwona usiku ule anakupigapiga mgongoni mpaka ukachukia.

Lingeishia hapo lingekuwa langu na Mungu wangu. Lakini ndugu yetu yule hawezi kuweka furaha mfukoni. Alirudi Sanaiya, kwenye kambi yao ya wafanyakazi, akawasimulia wenzake wa chumbani kwamba mtoto wa kaka yake, anayekwenda kusoma Uingereza, amemsifu kwa Kiingereza mbele ya Mzungu. Wenzake wakalipokea. Kambini mle watu wanachoka, Idrisa, na jina la utani ni burudani ya bure. Jumapili walikuwa wanamwita Yokeli. Jumatatu hata kwenye basi la kampuni, Yokeli sogea, Yokeli lete maji. Na yeye anaitika. Alinipigia mwenyewe Jumatatu usiku kunichekesha. "Shemeji, hata fomeni sasa ananiita Yokeli, naye anacheka sana akiniita." Nikacheka naye kwenye simu. Nilicheka, mwanangu, halafu nikaenda kukaa bafuni na kufungua maji ili baba yako asinisikie.

Jana adhuhuri akapiga tena. Nilijua kabla hajasema, kwa jinsi alivyonisalimia. Kuna kijana mmoja Mganda chumbani kwao aliyelitafuta neno kwenye simu yake, akamwonea huruma, akamweleza. Baba mdogo akaniambia hivi, na ninakuandikia kama alivyosema: "Shemeji, nimeelezwa lile neno. Usimgombeze mtoto, anasafiri, asiondoke na manung'uniko. Ila hiyo Ijumaa uwanja wa ndege mniwie radhi, nina udhuru." Nikamuuliza udhuru gani, na Ijumaa ndiyo off yake. Akasema udhuru tu, shemeji. Hakuniuliza kwa nini nilimdanganya. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka sasa.

Mtu huyu tangu ulipopata barua ya chuo amekuwa akiuliza kila wiki siku ya kukusindikiza atakaa siti gani.

Unaweza kusema lawama ni yangu, kwa sababu neno umelipata kwangu. Kweli kabisa. Hebu nikueleze na mimi nililipata wapi, maana sehemu hii sijawahi kukusimulia sawasawa, nilikuwa nikikusimulia ya kuchekesha tu.

Nilipofika Doha kumfuata baba yako, wewe ukiwa bado wa kubebwa, minara ya West Bay ilikuwa ya kuhesabika na mimi nilikuwa sijui hata kupanda lifti. Kazi ya kwanza niliyoombea ni hii hii ninayofanya, yaya wa darasani kwenye chekechea ya Waingereza. Nikaitwa kuonana na mwalimu mkuu, yule bibi tuliyekuja kumwita Bi Hilda. Nikafika mlangoni nikaona zulia jeupe. Sasa wewe niambie, mtoto wa Pangani akiona zulia anafanya nini? Nikavua viatu. Nikaviweka vizuri nje, vimeangalia mlangoni, nikaingia miguu mitupu, nikamwamkia kwa mikono miwili nimeinama. Bi Hilda alitazama miguu yangu, akamtazama karani wake Mhindi, akasema neno moja. Karani akaziba mdomo. Mimi nikadhani nimesifiwa usafi.

Kazi nilipata. Neno nikalishika. Nilikuwa nalirudia kwenye basi ili lisinipotee, nikamuuliza baba yako, hajui. Baadaye, tulipozoeana na Bi Hilda, maana hakuwa mtu mbaya yule, nikamuuliza mwenyewe siku moja tukiosha brashi za rangi. Akaona haya mpaka shingo ikawa nyekundu. Halafu akacheka, akanieleza, akaniambia ni maneno ya bibi yake, na kwao yako mengi. Kuna yokel, huyo wa shamba. Kuna lout, kijana mkubwa mwenye vurugu, asiyejua mikono yake aiweke wapi. Kuna boor, huyo hajali mwenziwe hata kidogo, anaongea mwenyewe na kula mwenyewe. Kuna churl, ukimsalimia anakujibu kama umemkanyaga. Nikamwambia kumbe nyinyi utovu wa adabu mmeugawa kama sisi tulivyogawa mpunga, mchele na wali. Akataka kujua ya kwetu. Nikampa mshamba, mshenzi, fidhuli, safihi. Akayaandika ubaoni kwa chaki, na watoto wa watu wakayafuta baada ya chakula.

Ungetegemea mtu aliyeitwa hivyo, akaelezwa, aumie na aliache. Mimi nililiokota nikalivaa. Nilikuwa na hamu, Idrisa. Nilitaka mtu mwingine awe ndiye mshamba, ili mimi nisiwe. Nikaanza na wanawake wapya waliokuja kazini baada yangu, yule wa Singida aliyeogopa ngazi za umeme, yule Mganda aliyeosha mkeka wa plastiki kwa majivu. Nikaja na wewe. Ulipokuwa na akili ya kushika maneno tukawa tunakaa Corniche, pale ufukweni, jioni za Ijumaa na chupa ya chai, watu wanapita, mimi nakuuliza, na huyu? Unasema, lout. Na yule? Boor, Mama, ametupa ganda. Nilikuwa nacheka mpaka nashika mbavu. Nilijiona nimefika. Mtoto wa dereva anajua maneno ambayo walimu wake wameyasahau. Baba yako alikuwa akitutazama na kusema, "Mnawasema watu," basi. Nilimwona hajachangamka.

Halafu ikaja ile siku ya moli, kwenye yale maduka makubwa. Wewe ulikuwa na umri wa kuanza kung'oka meno, na sijui kichwani mwako umebaki na nini. Baba yako alikuwa zamu, tukaenda watatu, mimi, wewe na baba mdogo, akuonyeshe samaki wa kwenye kioo. Alikuwa amevaa shati safi lililopigwa pasi, lakini miguuni ana buti za saiti, kwa sababu viatu vingine hakuwa navyo. Mlangoni mlinzi akanyoosha mkono mbele yake. Leo ni siku ya familia. Nikamwambia huyu ni familia. Akauliza, mumeo? Nikasema shemeji yangu. Akasema basi mimi na mtoto tuingie, yeye hapana, wanaume peke yao siku hiyo hawaruhusiwi. Baba mdogo akasema, "Ingieni tu, shemeji, mimi hapa napigwa na upepo." Upepo wenyewe wa mwezi wa saba wa Doha, ambao ungeweza kuivisha mkate.

Nikalipuka. Nilimtukana mlinzi yule kwa Kiingereza ili foleni yote isikie. Nilimwita lout, nikamwita churl, nikafuatisha mpaka sauti ya Bi Hilda. Ulijificha ndani ya abaya yangu. Alikuwa kijana mweusi kama sisi, mrefu, kola imemkaza. Akaningoja nimalize. Halafu akaniambia kwa Kiswahili cha Kenya, taratibu, "Madam, hata mimi nikiwa off siwezi ingia hapa siku ya family. Nasimama hapa kwa mlango, lakini sina ruhusa. Sasa unanitusi bure."

Nilinywea. Maneno yaliisha yote, ya kwao na ya kwetu. Ningemwambia nisamehe mwanangu, palikuwa na nafasi, alikuwa amesimama hatua mbili tu mbele yangu. Lakini watu walikuwa wanatazama, na mimi ni mama yako, unajua shingo yangu ilivyo ngumu. Nikageuka, nikakushika mkono, tukarudi kituo cha basi. Baba mdogo njia nzima alikuwa anakuigizia samaki kwa mashavu yake ili usilie.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda peke yangu kumtafuta yule kijana. Pale mlangoni nikamkuta mwingine. Akasema mwenzake amehamishiwa saiti nyingine, hajui wapi. Nikarudi tena mara kadhaa. Niliuliza Wakenya wote niliowafahamu, nikiwaeleza urefu wake na kola yake, wananicheka, wanasema Mama, walinzi warefu hapa mji mzima. Doha mtu akihamishwa amehamishwa. Jina lake sikulijua. Yuko mahali, awe amerudi kwao ama yuko bado hapa, na nikikumbukwa na mtu yule nakumbukwa kama mwanamke aliyemtukana mlangoni. Huwa namfikiria nikiwa napanga foleni popote.

Tangu siku ile mchezo wa Corniche niliufunga, ukakumbuka siku moja ukaniuliza mbona hatuchezi tena, nikakwambia umekua. Nilipaswa kukuambia kweli pale pale. Niliona haya kwa mwanangu. Badala yake nikakuacha na maneno yote mdomoni na sikukuonyesha yanafanya nini yakitoka. Hilo nimekukosea, na ninakuomba unisamehe, na nikishaomba sitaki ulitumie kujifichia. Wewe sasa si wa kubebwa.

Na kuhusu kelele zake, ambazo zimekukera tangu uingie sekondari, za kuongea na simu amefungua spika na kila mtu lazima asikie habari za ng'ombe wa Muheza. Sikio lake la kulia halisikii. Miaka yote hii anashika mashine ya kuvunjia zege, na hapo mwanzo hawakupewa vya kuziba masikio, na walipopewa lilikuwa limeshaharibika. Anafungua spika kwa sababu bila hiyo hasikii. Alinikataza nisimwambie mtu, kwa sababu fomeni akijua atamtoa kwenye mashine, na akitolewa kwenye mashine ni tiketi ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo alikuacha udhani ni ushamba. Aliona bora hivyo. Mimi leo nimevunja siri ya mtu, na ninakuonya isitoke kwako.

Ndiye aliyekufundisha baiskeli, lakini hilo unalijua, sikukumbushi ili ulie. Ulikuwa unamwita Baba Buti. Ulikuwa ukimwona anashuka kwenye basi unakimbia, unajifuta uso kwenye suruali yake yenye saruji, nami nakupigia kelele za sabuni. Sijui ni lini hasa ulianza kumwonea haya. Nadhani ni pale ulipopata ile nafasi ya udhamini kwenye shule kubwa, ukaanza kutupokea getini kwa haraka ili tusisimame sana. Mimi pia ulinionea haya, nikajua, nikanunua abaya nyingine. Nilikusamehe bila kukuambia. Lakini kunionea haya mimi mama yako ni kitu kimoja, na kumtaja mtu mzima kwa dharau mbele ya wageni, katika nyumba ya kaka yake, mkono wake ukiwa bado una mafuta ya kukirimu wageni wako, ni kitu kingine. Nina hasira na wewe, Idrisa. Ninakupenda mpaka kifua kinaniuma na nina hasira, na sioni kwa nini nichague moja.

Sasa huko uendako. Hayo maneno kwao ni kwao. Utafika, na wewe ndiye utakayevua viatu mahali pasipovuliwa viatu. Utawasalimia watu wa lifti nao watatazama namba za juu. Utakula na watu utanyoosha mkono kumkaribisha mwenzako, naye atashtuka. Watakupa jina, labda kwa siri, labda mbele yako huku wakicheka, na usiku utalirudia peke yako uone kama linakufaa. Siwezi kukuzuilia hilo. Ninachotaka ni kwamba siku hiyo likikuuma usiwe na sura ya baba mdogo mbele yako ambaye hukumwambia kitu. Mimi ninayo sura ya mtu wa namna hiyo. Haitoki.

Najua utasema utampigia ukifika. Hapana. Ukifika kutakuwa na baridi, na masomo, na chumba kipya, wiki ya kwanza itapita, ya pili utaona imechelewa, ya tatu utasema ameshasahau. Na yeye siku yoyote wanaweza kumhamisha au kumrudisha Muheza, ataondoka kama wanavyoondoka wote, na mfuko mmoja na bila kuaga. Nimeyaona haya, sikuhadithiwa.

Kwa hiyo nimeamua, na baba yako nimemwambia jana usiku. Alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua ufunguo akashuka kwenda kuosha gari, na gari lilikuwa safi. Aliporudi akasema, "Kesho kutwa tutoke mapema." Basi, hayo ndiyo makubaliano yetu.

Kesho ikishaisha sala ya Ijumaa tutapakia sanduku, na kabla ya uwanja wa ndege tutapita Sanaiya. Faris na Daniel wamesema watakuja uwanjani kukuaga. Vizuri, waje, watamkuta baba mdogo amesimama na sisi. Mimi mwanamke siruhusiwi kuvuka geti la kambi. Baba yako naye hataingia, kwa sababu akiingia kaka mkubwa, Mbaruku atasema yamekwisha kabla hujafungua mdomo. Utaingia peke yako. Getini utamuulizia kwa jina lake, Mbaruku wa Tanga. Wakikuambia hawamjui mtu huyo, itabidi uwatajie lile jina jingine, kwa kuwa sasa wanamjua kwa hilo. Utalitamka kwa mdomo wako na utaona mlinzi atakavyocheka na kukuonyesha ngazi.

Atakuwa chumbani na wenzake, Ijumaa wote hulala kidogo baada ya chakula. Usimwite nje. Alijisifu mbele yao, wakamcheka mbele yake, basi na wewe useme mbele yao. Sema Kiswahili, na sema sauti ya kutosha, upande wa kushoto. Mwambie, baba mdogo, nilikuita mshamba mbele ya wageni wangu, nimekosa. Usiongeze neno "lakini". Usimwambie ulikuwa unatania. Atakukatiza, atasema, "Hapana baba, hapana," ila wewe maliza. Halafu waambie wale wenzake kwamba mtu huyu anaitwa Mbaruku. La uongo wangu usiligusie, hilo nitamwambia mwenyewe akishaingia kwenye gari, mbele ya mume wangu na mbele yako, nami nitaona haya kama utakavyoona wewe.

Anaweza kukataa kuja. Ana haki. Akikataa kaa. Kaa kitandani kwake, ongea naye mambo ya ng'ombe, mngoje. Shati la kusindikizia analo, nilimwona akilinunua.

Mimi nitakuwa ndani ya gari, nje ya geti, na pasi yako ya kusafiria itakuwa ndani ya mkoba wangu. Nimeshaichukua, usiitafute kwenye droo. Mkitoka wawili, tunakwenda uwanja wa ndege na yeye atakaa mbele, pembeni ya kaka yake. Ukitoka peke yako, nitakurudisha ndani. Ukitoka tena peke yako, nitakurudisha tena. Ndege ikiondoka tukiwa bado pale getini, nitalia, Idrisa, nitalia sana, lakini itaondoka.

Chakula cha usiku ni ndizi na nyama. Usichelewe.

Mama yako